Kabla hujalipia kontroli boksi

Swahiba,

Salamu nyingi kutoka Dar. Sisi huku hatujambo, ila joto la mwezi huu halina adabu. Hofu ni kwako na hilo gari linalokataa kukufungulia mlango.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unagusa kitasa, kimya. Unabonyeza rimoti, loki mara inaitika, mara haisikii. Ukishaingia, taa ya ABS (ya breki), ya usukani na ya injini zinawaka kwa mpigo. Na fundi wa hapo Morogoro anataka ulipie kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Usitoe hata mia! Breki, usukani na loki haviugui vyote asubuhi moja. Vyote vinakula chungu kimoja, nacho ni betri.

Ukigusa kitasa, antena ya mlangoni hurusha mawimbi ya masafa ya chini, kwenye magari mengi ni kilohezi 125 au 134, yanayofika kama mita moja tu. Ufunguo mfukoni ukiyasikia hujibu kwa redio, gari likahakiki jibu, ndipo mota ya loki ivute. Kujibu ni kazi ya kibetri cha volti 3 kilicho ndani ya ufunguo. Kuita, kusikiliza na kuvuta loki ni kazi ya betri kubwa. Volti zake zikishuka, kompyuta za gari huanza kushtakiana, kila moja ikidai mwenzake hajibu. Ndiyo maana dashibodi yako inafanana na duka la taa.

Ukitaka kujua mgonjwa ni nani, sikiliza honi. Ikilia kwa nguvu na starta ikazunguka vizuri huku mlango ukibaki kiziwi, badilisha kibetri cha ufunguo. Ni bei ya soda chache, na aina yake imeandikwa mgongoni: mara nyingi CR2032 au CR1632. Honi ikikwaruza, taa zikafifia na starta ikagonga tak-tak-tak, hapo ufunguo hauna kosa.

Kisha azima mita ya umeme. Jioni fungua boneti uiache imeegeshwa tu bila kubana, maana asubuhi ukifungua mlango kwanza utaamsha vifaa vyote na kipimo kitadanganya. Betri iliyoshiba husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, chini ya 12 ina njaa kali. Mtu apige starti huku unaangalia: ikianguka chini ya 9.6, betri imechoka. Injini ikinguruma tarajia kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki kwenye 12, geukia alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka, kwa sababu betri mpya nayo itakufa vilevile. Angalia pia vichwa vya betri. Ukikuta unga mweupe au wa kijani, uoshe kwa magadi na maji ya moto, kaza, upime tena.

Mimi namshuku pia yule aliyekufungia kamera na kile kifaa cha kufuatilia gari. Gari lililolala linaruhusiwa kunywa kama miliampea 50, yaani ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya ampea-saa 45 inavumilia hilo wiki kadhaa. Kifaa kilichounganishwa ovyo kinaweza kunywa mara nne ya hapo, na wewe ukisafiri gari halisogei wiki mbili nzima. Halafu acha kutundika ufunguo kwenye msumari wa dirisha la gereji. Ufunguo ukiwa karibu na gari, viwili hivyo havilali usingizi.

Ukifungiwa nje, ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma, uchomoe. Kama huoni tundu mlangoni, tazama chini ya kifuniko cha plastiki cha kitasa cha dereva. Ule ujanja wa kugusisha rimoti kwenye kitufe cha kuwashia huku umekanyaga breki unasaidia kibetri cha ufunguo kikiisha, si betri kubwa.

Jambo la mwisho, na hili nakuomba sana: ukibadilisha betri, usimwache kijana wa dukani achomoe tu. Redio yako imekuja na gari kutoka Japani. Ikikosa umeme inaweza kujifunga na kudai kadi ya ramani au namba ya siri, na hapo utalipa mtu mwingine. Mwambie ashikilie umeme kwa betri ya pembeni kwanza. Vioo vya madirisha vikisahau kupanda vyenyewe, vuta swichi hadi juu uishikilie sekunde chache.

Nitumie namba za mita kesho hata kwa simu, nikwambie ununue nini. Msalimie mama watoto.

Ni mimi rafiki yako.