Tupimiwe vinasaba kabla mbwa hajahukumiwa

Ndugu Mhariri,

Mjukuu wangu aliharisha kwa wiki mbili, choo cha mafutamafuta chenye harufu kali. Zahanati wakampima, wakaona jiadia, kimelea cha utumbo. Habari ilipovuka uzio, majirani zetu hapa Mikindani wakasema ni mbwa tu. Nikapeleka kinyesi cha mbwa wangu. Mpimaji akakitazama kwa hadubini, akaona jiadia vilevile. Siku tatu baadaye nilimkuta mbwa wangu chini ya mkorosho amekufa, kalishwa sumu.

Hadubini haikudanganya, ila haikumaliza maneno. Jiadia ina makundi manane, A hadi H, na kwenye hadubini yote yanafanana. A na B ndiyo hasa yanayompata binadamu. C na D ni ya mbwa. Mbwa naye anaweza kubeba A au B, kwa hiyo sidai wangu hakuwa na kosa. Nasema hakuna aliyejua. Kujua kunahitaji vinasaba: kipande cha jeni ya kimelea kinanakiliwa maabara kwa mbinu iitwayo PCR mpaka kitoshe, kisha kinasomwa herufi kwa herufi.

Minyoo ya safura ya mbwa nayo ni hivyo hivyo. Mayai yake yanafanana mno, lakini aina moja hukomaa ndani ya utumbo wa mtu, nyingine huishia kutambaa chini ya ngozi na kuacha michirizi inayowasha. Watoto wetu wanacheza peku ufukweni kila siku!

Mwaka 2010 Lindi na Mtwara ziliingizwa kwenye mradi wa kutokomeza kichaa cha mbwa, na watu wamezoea kuwaleta mbwa kwenye chanjo. Naziomba halmashauri zetu zitumie siku hizo. Kila mbwa atolewe kinyesi kidogo, kihifadhiwe kwenye spiriti (si fomalini, maana fomalini huharibu vinasaba), kipelekwe Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Na choo cha watoto wa nyumba hiyohiyo kichukuliwe pia, wazazi wakiridhia. Kumpima mbwa peke yake hakutatueleza nani kamwambukiza nani, na pengine wote wawili wamekunywa maji ya kisima kimoja.

Marehemu ameacha watoto wawili. Chanjo ijayo nitakuja nao, na vikopo nitanunua mwenyewe.

Mfugaji wa mbwa,
Mikindani, Mtwara