Barua ya wazi kwa wakuu wa idara za ununuzi, Tabora: Mwanafunzi wa fildi apewe faili

Wanangu, salaam.

Wengi wenu mnanijua, na baadhi yenu mlianzia kazi mezani pangu. Naandika mapema kwa makusudi, kabla barua za vyuo hazijaanza kumiminika kuomba nafasi za mafunzo kwa vitendo, yaani fildi. Mwezi wa saba ukishaingia, hakuna atakayekuwa na nafasi ya kunisoma.

Kila nikikutana na kijana aliyetoka fildi kwenye kampuni zetu, namuuliza swali moja: ulinunua nini? Wengi hunyamaza. Walitoa kopi, walipanga mafaili ya miaka ya nyuma, walitumwa benki, walichemsha chai. Kijana amekaa idara ya ununuzi wiki nzima nzima bila kuona kitu hata kimoja kikinunuliwa, tangu kinaombwa mpaka kinalipwa. Msimamizi anagonga muhuri kwenye daftari lake la mafunzo, na baadaye sisi wenyewe tunalalamika kwamba wahitimu wa siku hizi hawajui kazi. Jambo hili linaniuma.

Ninachowaomba ni hiki: kila mwanafunzi apewe faili moja, la ununuzi mdogo lakini wa kweli. Apokee fomu ya maombi kutoka idara inayohitaji, aende akaulize kitu hicho ni cha kazi gani, aandike sifa zake, atafute bei kwa wauzaji watatu, atengeneze jedwali la ulinganisho, aandae oda ili mkuu asaini, afuatilie mzigo, na awepo stoo siku unaposhushwa. Mwisho alinganishe oda, hati ya kupokelea mzigo na ankara kabla karatasi hazijaenda uhasibu. Saini ibaki yenu na nywila ya mfumo ibaki yenu, ila jasho liwe lake.

Chukueni mfano wa mabati ya kuezekea ghala. Oda imesema geji 28, muuzaji ameleta geji 30. Namba imepanda lakini bati limekuwa jembamba zaidi, na kwa macho ya haraka huwezi kuona tofauti. Mtunza stoo mwenye malori matatu yanayomsubiri atahesabu idadi na kusaini. Mwanafunzi aliyeandika zile sifa kwa mkono wake atauliza, na ataomba bati lipimwe. Darasani aliambiwa kwamba karatasi tatu lazima zikubaliane. Hapo stoo ndipo anapoelewa kwamba zinaweza kukubaliana zote na mzigo ukawa si ule.

Tena Tabora inafundisha jambo ambalo halisomeki vizuri vitabuni, nalo ni umbali. Kwa reli tuko takriban kilomita 840 kutoka Dar es Salaam. Beringi inayouzwa bei poa Kariakoo, ukiongeza usafiri na siku ambazo mashine imesimama, huenda ikawa ghali kuliko ile ya duka la hapa mjini. Mwacheni mwanafunzi apige hesabu hiyo mwenyewe, tena akiwa na mkuu wa karakana pembeni anayepigia kelele mashine yake.

Najua mtaniambia kwamba wanafunzi wanakuja wakati mbaya. Ni kweli, miezi hiyo soko la tumbaku bado halijapoa, na huku Urambo, Kaliua na Sikonge watu wanataka mbolea na pembejeo nyingine zifike kabla ya mvua. Lakini msimu huo ndio wenye kazi ya kuonekana. Kinachotakiwa ni kujiandaa: mwezi wa tano mteueni msimamizi mmoja kwa jina, mtenge maombi madogo yatakayomfaa mgeni, na mpokee wanafunzi mnaoweza kuwasimamia tu. Wawili waliofundishwa wanatosha kuliko saba wanaogombania viti. Kama kampuni yako inauza pia kwa halmashauri, mwonyeshe namna zabuni inavyoandaliwa kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao ulioshika nafasi ya ule wa zamani, TANePS, mwaka 2023. Atajifunza mengi akikaa upande wa muuzaji.

Sasa niseme lililo zito zaidi. Mpeni nauli na chakula cha mchana. Kampuni nyingi huliona hili kama fadhila. Mimi naliona kama ulinzi wa idara. Mtoto anayetembea kwa miguu kutoka Ipuli, ameshinda na njaa, halafu mnamweka kwenye meza inayopitiwa na bei za wauzaji wote! Atakuja muuzaji mmoja na elfu kumi ya "maji", aombe tu kujua mwenzake ameandika ngapi. Mkiwaza kwamba sheria ya rushwa ni ya watumishi wa serikali peke yao, someni tena Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Inawagusa na walio kwenye kampuni binafsi.

Na mabinti. Asitumwe binti wa fildi kufuata proforma (karatasi ya bei ya muuzaji) nyumbani kwa muuzaji wala hotelini, na asiitwe ofisini baada ya saa za kazi kwa ajili ya kusainiwa daftari. Kifungu cha 25 cha sheria hiyo hiyo kinasema juu ya rushwa ya ngono. Mkuu wa idara amwambie hivyo siku ya kwanza, mbele ya wafanyakazi wote, na amtajie mtu wa kumwendea likitokea lolote. Kukaa kimya hapa ni kushiriki.

Mwanafunzi akimaliza, msimwandikie "mtiifu na mwenye bidii" mkaishia hapo. Andikeni alinunua nini, alikosea wapi, alirekebisha vipi. Siku atakapoketi kwenye mitihani ya Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, atakuwa na kitu mkononi cha kufikiria nacho. Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi hapa hapa mjini. Waalikeni walimu wake waje waone hayo mafaili kabla hamjagonga muhuri.

Mwezi wa tano nitapita ofisi kwa ofisi, Mungu akinijalia afya. Nitaomba kuonyeshwa jina la msimamizi na orodha ya maombi mliyowatengea.

Mzee wenu,
mnunuzi mstaafu, Kiloleni, Tabora