Kabla ya kuagiza hita ya pampu ya joto, pima ndoo na chumba

Mhariri,

Makala mliyochapa kuhusu hita za maji za pampu ya joto imenipa kazi. Tangu itoke, wateja wananipigia simu kuuliza nitakuja lini kuifunga, na hakuna hata mmoja anayeuliza kama inaifaa nyumba yake. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, na kwa kuwa mashine hii ni jamaa wa karibu wa friji, nazifunga na kuzitengeneza. Sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na ile sentensi yenu inayosema inashusha umeme wa maji moto hadi theluthi, kisha ikaachwa hapo kana kwamba nyumba zote ni moja.

Theluthi yenyewe ni ya kweli. Elementi ya kawaida, ile inayozama ndani ya tangi, ikila uniti moja ya umeme inatoa uniti moja ya joto, basi. Pampu ya joto hailitengenezi joto, inalihamisha. Feni inavuta hewa ya chumba na kuipitisha kwenye koili yenye gesi baridi. Gesi inabeba joto la ile hewa, kompresa inaigandamiza mpaka inakuwa moto sana, halafu inazunguka kwenye koili iliyolizunguka tangi na kulikabidhi joto lake kwa maji. Ni friji iliyogeuzwa: friji hutoa joto ndani ya kabati na kulimwaga jikoni, hii hulitoa chumbani na kulimwaga kwenye maji. Ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kuleta uniti mbili hadi nne za joto, kutegemea hewa ina joto kiasi gani na wewe unayataka maji moto kiasi gani. Tatu ni hesabu ya kawaida kwa mashine nzuri iliyowekwa mahali pazuri.

Lakini theluthi ya nini? Hapo ndipo makala yenu ilipokatikia.

Chukua ndoo unayojua ujazo wake, iweke chini ya bomba la mvua, fungua maji kama unavyooga, uangalie saa. Tuseme unapata lita 8 kwa dakika na unaoga dakika 6. Hizo ni lita 48. Maji yakiingia nyumbani yakiwa nyuzi 20 na wewe unaoga ya nyuzi 40, umeyapandisha nyuzi 20. Kupandisha lita moja kwa nyuzi moja kunahitaji takriban wati-saa 1.16, na uniti moja ni wati-saa 1,000, kwa hiyo kuoga huko kumekula uniti 1.1 za joto. Hesabu hii inafaa popote; badilisha tu namba zako.

Sasa weka nyumba mbili kando kwa kando. Ya kwanza ina mtu mmoja anayeoga mara moja kwa siku kwa hita ya papo kwa papo, ile ndogo inayochemsha maji yakiwa njiani. Anatumia uniti 1.1. Ukimwekea pampu ya joto yenye tangi kubwa, tangi hilo linapoteza joto usiku na mchana hata kama hakuna anayefungua bomba. Tuseme uniti moja ya joto kwa siku, na hilo ni tangi lililovikwa vizuri. Jumla ya joto inakuwa 2.1, ukigawa kwa tatu unapata 0.7 ya umeme. Ameokoa uniti 0.4 kwa siku, kama 12 kwa mwezi. Nyumba ya pili ina watu wanne wanaooga vilevile. Kwa hita ya papo kwa papo wanakula karibu uniti 4.5 kwa siku. Kwa pampu ya joto, 4.5 na ile moja inayopotea, gawa kwa tatu, ni 1.8. Wanaokoa 2.7 kwa siku, uniti kama 80 kwa mwezi. Mashine ni ileile, na tangazo ni lilelile. Chukua idadi yako ya uniti, izidishe kwa bei ya umeme unayolipa, halafu uone itachukua miaka mingapi kurudisha tofauti ya bei kati ya hita mbili. Kama miaka hiyo inakaribia umri wa tangi lenyewe, acha. Kwa yule anayeishi peke yake nashauri abaki na kidude chake cha ukutani, na nimeshawaambia hivyo wateja waliokuwa tayari kunilipa.

Mwenye tangi la elementi tayari hesabu yake ni tofauti kidogo, kwa sababu hasara ya tangi anayo hata sasa. Huyo ndiye theluthi inamhusu karibu sawasawa.

Jambo la pili ni chumba, na hapa ndipo ninapoona mashine nzuri zikiteswa. Hii hita inapumua. Wizara ya Nishati ya Marekani inashauri iwekwe penye angalau futi za ujazo 1,000 za hewa, yaani kama mita za ujazo 28, na mahali panapobaki kati ya nyuzi 4 na 32 mwaka mzima. Mita 28 ni chumba cha mita 3.5 kwa 3.2 chenye dari la mita 2.5. Si kabati. Ziko zinazoruhusiwa kwenye nafasi ndogo zaidi ya hapo, ziko zinazofungiwa mifereji ya kuvuta na kutoa hewa nje, na ziko ambazo kompresa na feni hukaa nje ya nyumba kama kiyoyozi huku tangi likibaki ndani. Soma kitabu cha mashine yako, si cha jirani.

Niliitwa kwenye nyumba moja ambako hita mpya ilikuwa inakula umeme kama ya zamani. Muuzaji alikuwa ameshakuja, akabonyeza vitufe, akasema ni ya kawaida na itazoea. Ilikuwa imefungiwa kwenye stoo nyembamba chini ya ngazi, mlango wa mbao usio na upenyo, na masanduku yamepangwa mpaka usawa wa feni. Nilipofungua mlango, baridi ya mle ndani ilinipiga usoni. Mashine ilikuwa inavuta hewa ileile iliyokwisha kuitoa joto, inaipoza tena, inaivuta tena, mpaka koili ikaanza kushika barafu na kompyuta yake ikakata tamaa na kuwasha elementi ya akiba. Nyingi ya hita hizi zina elementi ndani kwa ajili ya siku ya shida, na mwenye nyumba hawezi kujua imewashwa asipoangalia mita. Tuliondoa masanduku, tukabadilisha mlango tukaweka wa mbao za vipande vyenye nafasi, juu mpaka chini. Gesi sikuigusa, kwa sababu haikuwa na kosa lolote.

Hiyo hewa baridi inaweza kuwa neema au karaha. Kwenye chumba cha kufulia chenye joto na unyevunyevu ni neema, maana mashine inapoza na kukausha hewa bila kukudai zaidi. Kwenye nyumba ya nchi ya baridi ambako chumba hicho kinapashwa kwa gharama, ujue hita inakopa joto ulilokwisha kulilipia. Na karibu na chumba cha kulala usiiweke kabisa. Kelele yake si ya kutisha, ni kama ya friji kubwa yenye feni, lakini inakwenda kwa saa nyingi mfululizo.

Saa nyingi, kwa nini? Kwa sababu kompresa yake ni ndogo. Inakula kama nusu kilowati na kuleta joto la kilowati moja na nusu hivi. Tangi la lita 200 lililopoa, ukitaka kulipandisha nyuzi 35, linahitaji uniti 8 za joto. Hiyo ni zaidi ya saa tano. Elementi ya kilowati 3 ingemaliza kwa saa tatu kasoro. Nyumba ambayo watu wote wanaoga asubuhi ndani ya saa moja inahitaji tangi kubwa kuliko lile la elementi walilolizoea, la sivyo wa mwisho ataoga baridi, au elementi ya akiba itaingia na theluthi yenu itayeyuka. Kwa upande mwingine, nusu kilowati ni mzigo mwepesi. Hita ya papo kwa papo inadai kilowati tano au zaidi na waya mnene. Mwenye sola ya umeme kwenye paa anaweza kuitegesha pampu ya joto ifanye kazi mchana, maji yakakaa moto hadi jioni, na hapo tangi linafanya kazi ambayo angenunulia betri.

Sasa yale ya fundi, ambayo hayaandikwi kwenye matangazo. Mashine hii inatoa maji. Unyevu wa hewa unageuka maji kwenye koili baridi na kudondoka kwenye sinia ndogo, na kutoka hapo lazima kuwe na bomba linaloteremka hadi kwenye mfereji. Nimesema linaloteremka. Nimekuta bomba lililopandishwa juu ya fremu ya dirisha ili lisionekane, na sakafu ya mbao imevimba. Kama hakuna mfereji wa chini karibu, hesabu pampu ndogo ya kusukuma hayo maji.

Tangi la lita 200 likijaa ni kilo 200 za maji peke yake, ukiongeza chuma na kompresa unakaribia 300. Halitundikwi ukutani kama hita ndogo, na sakafu ya ghorofani iangaliwe na anayejua. Mashine isafirishwe ikiwa imesimama. Ikilazwa, mafuta ya kompresa yanahama, kwa hiyo iache wima kwa saa kadhaa, kama kitabu chake kinavyoelekeza, ndipo uiwashe. Umeme wa kupandapanda na kushukashuka ni adui wa kompresa na wa kadi yake ya elektroniki, hivyo kilinda-volteji ni sehemu ya bei. Chujio la hewa lisafishwe. Fimbo ya anodi ndani ya tangi, ile inayoliwa na kutu badala ya tangi, ikaguliwe kila baada ya miaka michache, mapema zaidi kama maji yako ni magumu, maana ikiisha yenyewe, kutu inahamia kwenye tangi.

Kuhusu nyuzi za maji, wengi wanasikia kwamba kadiri unavyoshusha ndivyo pampu inavyookoa zaidi, na ni kweli. Ila bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wanastawi kwenye maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, na ushauri wa kawaida ni kuhifadhi maji kwenye nyuzi 60. Maji ya nyuzi 60 nayo yanaunguza ngozi kwa sekunde chache, na ngozi ya mtoto kwa haraka zaidi. Kwa hiyo fungiwa vali ya kuchanganya inayotoa maji ya kiasi bombani huku tangi likibaki moto. Mashine nyingi zina mpango wa kupandisha joto mara moja kwa wiki. Muulize fundi akuonyeshe ulipo.

Mnaweza kuuliza vipi kuhusu paneli za kupasha maji kwa jua. Penye paa imara, jua la kutosha na pasipo kivuli cha mti wala ghorofa, zilinganishe kwanza. Hazina kompresa ya kuharibika. Pampu ya joto inajipatia nafasi pale paa si lako, au jua halifiki, au hutaki mabomba juu.

Halafu kuna swali ambalo mimi ningelitanguliza kama ningekuwa mnunuzi: ikiharibika, nani anakuja? Mtu wa mabomba analijua tangi lakini haiwezi gesi. Mtu wa friji kama mimi anaijua gesi lakini wapo wasiotaka kusikia habari za vali na kutu. Mfumo wa gesi umefungwa, na kuutengeneza kunahitaji mtu mwenye geji, mashine ya kunyonya hewa, na akili ya kutafuta tundu kabla ya kujaza. Aina ya gesi nayo imeandikwa kwenye kibao cha mashine. Nyingi bado zina R134a, ambayo ikivuja inapasha dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule; ni miongoni mwa gesi ambazo makubaliano ya kimataifa yaitwayo Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 yanazipunguza hatua kwa hatua. Nyingine zina R290, ambayo ni propani na inawaka, kwa hiyo asiiguse fundi wa kubahatisha. Wajapani tangu mwaka 2001 wamekuwa wakiuza hita za pampu ya joto zinazotumia hewa ya ukaa yenyewe kama gesi ya ndani. Piga picha hicho kibao dukani, mpelekee fundi wako, na asipokuwa na vifaa vya gesi hiyo atakwambia mapema.

Mkirudia mada hii, naomba mchape jedwali dogo: watu wangapi nyumbani, lita ngapi kwa siku, chumba mita za ujazo ngapi, na uniti zinazookolewa kwa kila hali, kukiwa na hita ya papo kwa papo na kukiwa na tangi la elementi. Niko tayari kuwasaidia kulijaza bila malipo, kwa kuwa litanipunguzia simu.

Wenu,
Fundi wa friji na viyoyozi