Barua kwa mwanangu: hesabu ya pikipiki

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mchana nikiwa na wateja, na usiku nilipotulia. Unaomba 400,000 za injini, na sababu uliyoitoa ni kwamba umeshatia 900,000 kwenye hiyo pikipiki, ukiiacha sasa zitakuwa zimepotea bure. Hapo nikashtuka, baba. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, nimesimama mbele ya matenga ya nyanya.

Ulikuwa darasa la tatu. Nilichukua matenga matano ya nyanya za Ilula, kila moja 40,000. Kulipokucha malori mengine yakaingia, soko likafurika. Nyanya ndivyo zilivyo: masika mvua inaziharibu shambani, bei inapanda, kila mkulima anaiona na kupanda, halafu baada ya miezi kama mitatu wanavuna wote kwa pamoja. Na nyanya haiwekwi ghalani kama mahindi. Mchana akaja mama ntilie, akataka matenga mawili kwa 25,000 kila moja. Nikamwambia, "Mimi mwenyewe nimenunua arobaini." Akabonyeza nyanya moja kwa kidole gumba, kidole kikaacha shimo. Akanitazama, akaondoka. Kesho yake chini ya matenga kulikuwa kunachuruzika maji. Nyingine niliziuza mafungu ya mia mia, matenga mawili nikayamwaga.

Ile 40,000 ilikuwa imeshaondoka mkononi mwangu. Nikiuza au nikikataa, isingerudi. Nilichopaswa kujiuliza ni kimoja: tenga hili, saa hii, nisipochukua 25,000 nitapata nini? Mnunuzi hana habari na bei uliyonunulia. Anatazama anavyoihitaji nyanya, na zilivyo nyingi pale sokoni.

Mjomba wako mwalimu alinieleza kwamba hata serikali kubwa zimekwama papo hapo. Mwaka 1962 Uingereza na Ufaransa zilikubaliana kuunda ndege ya Concorde. Gharama zikapanda kupita walivyokisia, pesa zikaendelea kumiminwa, na mwishowe ndege 14 tu ndizo zilizoingia kazini kubeba abiria. Wachumi wanaitolea mfano mpaka leo.

Sasa turudi kwenye pikipiki. Zile 900,000 zitoe kwenye hesabu, najua roho inauma. Anzia hapo ulipo leo. Umesema kuna mtu anaitaka ilivyo kwa 700,000. Ukiitengeneza kwa 400,000, itakuingizia ngapi kwa siku ukishatoa mafuta? Na injini hiyo itakaa miezi mingapi? Ilifunguliwa Februari, ikafunguliwa tena Juni. Hilo usilipite haraka.

Kuna gharama nyingine hukuiandika kabisa, nayo ndiyo inayonisumbua zaidi: siku sita ulizoshinda gereji. Wenzako walikuita kupiga lipu kwa 20,000 kwa siku, ukasema huwezi kuiacha pikipiki peke yake. Hizo ni 120,000. Huzioni kwa kuwa hazikutoka mfukoni mwako, lakini umezilipa, sawasawa na ulivyolipia pistoni.

Na mimi nina la kupima upande wangu. Pesa unayoiomba ndiyo mtaji wangu wa mzigo wa mwezi huu. Nikikutumia, meza yangu italala wiki mbili nikisubiri zamu yangu ya kikoba. Nakwambia ujue tu inatoka wapi, maana kukusaidia nataka.

Kwa hiyo chukua karatasi, uigawe katikati. Upande mmoja andika ukiuza leo na kwenda kwenye lipu, utakuwa na shilingi ngapi ifikapo Desemba. Upande wa pili, ukitengeneza. Weka na siku za gereji. Ukiona kutengeneza kunazidi, nipigie Jumamosi jioni nikishafunga meza, nitakutumia usiku huohuo. Ila tafadhali, kabla ya hapo usiguse mkopo wa kausha damu.

Mdogo wako anakusalimia. Ameniuliza mara tatu kama utakuja Idi.

Mama yako