Mkanda haukukatika wenyewe, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ile habari yenu ya jenereta lililowaangukia vijana wawili likishushwa kwenye lori kwa mkanda wa kunyanyulia mizigo. Unaikumbuka, mliiweka ukurasa wa tatu chini ya tangazo la magodoro. Nimeirudia mara tatu, miwani navaa navua, natafuta sentensi moja ya kunishibisha. Nikaambulia hii: "mkanda ulikatika ghafla." Basi. Hapo mkahamia kwa shuhuda aliyesikia kishindo, kisha kwa shuhuda wa pili, ambaye naye alisikia kishindo hicho hicho.

Kiswahili chetu kina ujanja wake. Mtoto akiangusha kikombe, anakuja kusema "mama, kikombe kimevunjika." Mama naye anamuuliza: kimevunjika, au umekivunja? Mama huyo hajasomea uandishi wa habari, lakini kuuliza anajua. Mkanda wenu ulikatika. Nani aliununua? Lebo yake ilisema tani ngapi? Ulikuwa na lebo?

Niliacha kuwaandikia mwaka 1998, baada ya barua yangu ya mitaro kupunguzwa ikabaki salamu na anwani. Nilikuwa nimeapa. Lakini hii ndiyo kazi iliyonisomeshea watoto. Kuanzia 1979 hadi 2011 nilikuwa mfunga mizigo hapa Tanga, enzi meli inatia nanga nje, mzigo unashushwa kwa winchi za meli kwenye matishari, yale mashua bapa ya mizigo, tishari linavutwa hadi gatini, mzigo unanyanyuliwa tena. Marobota ya katani yalikwenda kwa njia hiyo hiyo, robota moja kilo 250. Kila kitu kilinyanyuliwa mara mbili, kwa hiyo kila kitu kilipata nafasi mbili za kuua mtu. Serahangi wetu, yaani msimamizi wa kundi letu, Mungu amrehemu, kusoma hakujua. Ila kila asubuhi alichukua tambara akalipitisha juu ya waya wa kunyanyulia, mwanzo hadi mwisho. Tambara likinasa, anasimama, anahesabu. Akikuta nyuzi 10 zimekatika ndani ya msokoto mmoja, anaagiza shoka. Waya ule unakatwa vipande vifupi mbele yetu sote, asije mwerevu akauokota jioni. Hesabu yake iliishia kumi na ilitutosha.

Sasa nikueleze nilichokiona mwaka juzi. Nilikwenda kwenye karakana moja kumpelekea mpwa wangu simu aliyoisahau kwangu. Jina la karakana silitaji, mwenyewe akisoma atajijua. Nikakuta wanashusha mashine ya tani tatu kwenye lori kwa kreni ya kukodi. Wamefunga mikanda miwili ya kijani. Kwa mikanda inayofuata viwango vya Ulaya rangi si urembo: zambarau ni tani moja, kijani mbili, njano tatu, kijivu nne, nyekundu tano. Utasema miwili ya kijani ni tani nne, mashine tatu, shida iko wapi? Nami ningenyamaza, kama mikanda ingekuwa mirefu ikapanda wima. Ilikuwa mifupi. Imetanuka kama miguu ya mtu anayeteleza kwenye tope, na pembe yake na mzigo, kwa macho yangu, haikuzidi nyuzi 30. Kwenye pembe hiyo kila mkanda unavutwa kama umebeba mashine nzima peke yake. Tani tatu kwenye mkanda wa mbili. Halafu wameupitisha juu ya ukingo wa chuma mkali, bila hata kipande cha gunia au mpira wa tairi kuukinga. Nikauliza lebo iko wapi. Kijana mmoja akanijibu, kwa adabu kabisa, kwamba walizikata kwa sababu zinakwaruza mikono.

Nikamwambia, mwanangu, shusha, tafuteni mikanda mirefu. Akacheka. "Mzee wangu, hii tumeshabebea mizigo mizito kuliko huu." Mhariri, hilo jibu ndilo linaloniondolea usingizi, kwa sababu ni la kweli. Alishabebea. Mkanda mpya wa halali hutengenezwa ili usikatike mpaka uvutwe mara saba ya uzito ulioandikwa kwenye lebo. Ile ni akiba, wamewekewa watu kama yeye wakosee wabaki hai. Lakini akiba hiyo inaliwa kimyakimya. Jua linakula kidogo, maana mkanda unaanikwa juu ya boneti mwaka mzima hadi kijani kinageuka rangi ya majani makavu. Ukingo mkali unakula. Kuburuzia gari bovu barabarani Ijumaa, kisha kunyanyulia mzigo juu ya vichwa vya watu Jumamosi, kunakula sana. Na mkanda hausemi. Mnyororo ukichoka, pete zake zinarefuka na kusagika, mwenye macho anaona. Kulabu ikizidiwa inafunua mdomo. Mkanda unabeba mara mia, anayeutumia anazidi kuuamini, na mara ya mia na moja ndiyo hiyo mnayoiita "ghafla."

Na mkanda wa vijana wale ulikatika pale kwenye ukingo, kama nilivyohofia. Mashine ikadondoka pembeni mwa lori, kwenye ubao ambao dakika moja nyuma alikuwa amekaa mama lishe anahesabu sahani zake. Alikuwa ameinuka kwenda kudai hela ya chai. Sahani zikasagika. Tajiri akatoka ofisini, akatazama, akasema, "Kazi ya Mungu, mkanda umekatika." Mungu huyo huyo ndiye aliyewakatia lebo? Kisha bei ya mkanda ikakatwa kwenye posho za vijana. Sahani za mama wa watu hakuna aliyezikumbuka. Ungedhani yameisha. Kesho yake jioni mpwa wangu ananipigia: "Mjomba, tumeufunga fundo, tumeendelea na kazi." Fundo! Niliketi kitandani. Fundo peke yake linanyonya nusu ya nguvu ya mkanda mzima, mpya, wenye lebo. Hawa wamelifunga kwenye mkanda uliokatika jana, wakanyanyulia mashine nyingine, na yule mama yuko pale pale na sahani za kuazima. Sheria ipo, ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003. Wakaguzi wapo. Siku wanayokuja, kila mtu anavaa kizibao cha kung'aa na fundo linalala stoo.

Na ninyi nanyi. Wiki moja kabla ya habari ya jenereta mliweka picha ya mgeni rasmi akikagua ujenzi. Kofia ngumu mpya, tabasamu, na juu ya kichwa chake matofali yamepakiwa kwenye paleti, ile chanja ya mbao, yananing'inia kwenye kreni. Hakuna kofia duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya hilo. Mkaandika "aridhishwa na kasi."

Kwa kuwa nimeshaanza, niseme pia la makontena barabarani. Tela lina loki kwenye kona, za kulishika kontena. Nilimuuliza dereva mmoja kwa nini zake ziko wazi, akaniambia hivyo ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia: kontena likiinama liende peke yake, lisiondoke na gari. Liende peke yake wapi? Mimi niko nyuma yake kwenye bajaji na mke wangu na kapu la samaki.

Mnapenda mtu atoe mapendekezo, nami ninayo. Kwanza, tajiri atakayesema mkanda uko salama apelekewe kiti na kikombe cha chai chini ya mzigo, na asiinuke mpaka chai iishe. Chai ya tangawizi, moto, isiyonyweka haraka. Pili, kila duka linalouza mikanda lining'inize panga mlangoni, na mkanda mpya auziwe tu anayekuja na wa zamani ukakatwa vipande mbele yake, visizidi urefu wa mkono. Wanunuzi wa chuma chakavu wafanyiwe vivyo hivyo kwa waya, maana najua ninakoonaga waya zilizovuliwa kwenye kreni zikiuzwa tena kwa mita, zimepakwa grisi zing'ae. Tatu, neno "ulikatika" lipigwe marufuku gazetini kwenu kwa mwaka mmoja. Mwandishi akilitumia, alipe sahani sita za udongo. Anayestahili kuzipokea namfahamu.

Kile kipande chenye fundo mpwa wangu aliniletea alipoacha kazi pale. Nimemfungia mbuzi, ambaye hafiki kilo 30, na hata yeye namtazama tazama. Mkikihitaji kwa picha nitakituma kwa basi la saa kumi na mbili asubuhi. Nauli ya kifurushi mtalipa ninyi, na kamba ya kumfungia mbuzi mtanunua.

Mfunga mizigo mstaafu,
Chumbageni, Tanga