Noti ikichanika, anakatwa keshia

Bwana Mhariri,

Mimi ni keshia katika duka la jumla hapa Lubumbashi, Kongo (DRC). Mama ananunua magunia matano ya unga wa bukari (ugali), analipa dola, anataka chenji ya faranga. Nainua noti kwenye mwanga: ukingoni ina mpasuko mdogo kama ukucha. Nikiikataa, natukanwa mbele ya foleni nzima. Nikiipokea, inakatwa kwenye mshahara wangu. Juzi ilikuwa dola 20, pesa ya chakula cha watoto.

Na kutwa tumesimama, kiti hakuna. Sheria ya Kazi ya 2002 inaweka kikomo cha saa 45 kwa juma. Sisi tunazipita bila malipo ya ziada. Wakubwa wabandike mlangoni tangazo kwamba noti zilizochanika hazipokelewi, watupe viti. Nanyi baba na mama zetu, msiturushie pesa usoni.

Keshia, Lubumbashi