Shule au nyumbani? Kwanza hesabuni saa za mtu mzima

Mhariri,

Wazazi wanaosita kati ya shule binafsi zinazomweka mtoto katikati ya ujifunzaji na kumsomesha mtoto nyumbani hubishana sana juu ya falsafa: uhuru, ubunifu, furaha ya mtoto. Huko hawatapata jibu, maana pande zote mbili zinanywa kisima kimoja. Mwanafalsafa wa Marekani John Dewey alipoanzisha shule yake ya majaribio Chicago mwaka 1896, na daktari wa Italia Maria Montessori nyumba yake ya watoto kule Roma mwaka 1907, wote waliamini kwamba mtoto hujifunza kwa kutenda. Mzazi anayefundishia mezani kwake anaamini hayohayo. La kuuliza ni jingine, nalo halina mvuto: ni mtu mzima gani atakaa na mtoto, kwa saa ngapi, na nani atagundua mapema kwamba mtoto hajui kusoma?

Nianze na shule, hasa zinazojiita za Montessori. Jina la Montessori halilindwi kisheria katika nchi nyingi, hivyo yeyote anaweza kulipaka ukutani. Ombeni kukaa nyuma ya darasa asubuhi nzima, siku ya kawaida, si siku ya wageni. Darasa la kweli la aina hiyo huchanganya watoto waliopishana umri hadi miaka 3, na huwapa muda wa kazi usiokatizwa unaokaribia saa 3. Tazameni pia mnara wa waridi, kifaa cha Montessori cha kupangwa na mtoto: una michemraba 10, mdogo wa sentimita 1 na mkubwa wa sentimita 10. Ule mdogo kabisa ukiwa umepotea na hakuna anayeutafuta, basi hakuna anayekagua vifaa, na huenda hata watoto hawakaguliwi.

Halafu nendeni darasa la wakubwa. Kwa watoto wa miaka minne karibu kila shule ya namna hii inapendeza. Ukweli hujitokeza kwa wa miaka kumi, pale penye sehemu, desimali na kuandika aya inayoeleweka. Udhaifu wa shule hizi ninaoujua zaidi umejificha ndani ya mradi wa kikundi. Watoto wanne wanajenga daraja la vijiti: mmoja anasoma maelekezo, mmoja anapima, mmoja anachora, wa nne anashika gundi. Daraja linasimama, picha inapigwa, wazazi wanapiga makofi, na yule wa gundi anamaliza muhula wa tatu bila mtu kumsikia akisoma sentensi moja. Si kosa la mradi. Kosa ni kutokuwa na dakika kumi za mwalimu na mtoto peke yao kila wiki. Kwa hiyo ombeni kuona daftari la mtoto mmoja, jina likiwa limefunikwa, tangu mwanzo wa mwaka hadi mwisho. Ulizeni pia ni walimu wangapi waliokuwapo miaka mitatu iliyopita bado wapo. Mbinu hizi zinamtegemea mwalimu mzoefu. Walimu wakibadilika kila mwaka, kinachobaki ni rangi za ukutani.

Nyumbani hesabu ni tofauti. Mtoto wa shule ya msingi hahitaji saa saba mezani. Mafunzo ya ana kwa ana ya saa 2 hadi 3 kwa siku yanatosha, kwa kuwa hakuna foleni wala kuita majina. Kwa aliye chini ya miaka 7, vipande vya dakika 15 vinavyofika saa moja hivi. Lakini ongezeni saa nne au tano za maandalizi kila wiki, na hizo ndizo wazazi husahau. Anayepanga kufundisha huku akijibu simu za kazi atafanya vyote viwili nusunusu, na uchovu utamkuta kabla mwaka haujafika nusu. Kosa lingine ni kununua mtaala mzima wa masomo yote siku ya kwanza. Mtoto anaweza kuwa darasa la nne kwa lugha na la pili kwa hesabu. Mpimeni kwanza, mnunue vitabu vya kusoma na hesabu tu, mengine yasubiri.

Kipimo cha kusoma ni rahisi, nacho kinafaa hata kwa aliye shuleni. Chagueni kifungu ambacho hajakiona kabla, asome kwa sauti dakika moja, mhesabu maneno aliyosoma sawasawa, muandike tarehe. Rudieni kila mwezi kwa kifungu kipya cha ugumu uleule. Miezi mitatu ikipita idadi imeganda, tafuteni mtaalamu. Tahadhari moja: Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo mtoto aliyeshika silabi anaweza kutiririka ukurasa mzima asielewe kitu. Mwambieni afunge kitabu, asimulie. Na mpimeni kwa kila lugha peke yake, kwa sababu wepesi wa Kiswahili hauonyeshi kwamba Kiingereza anakibahatisha.

Sheria nazo haziko sawa. Ujerumani humtaka mtoto awe shuleni. Ufaransa, tangu Septemba 2022, mzazi huomba kibali badala ya kutoa taarifa tu kama zamani. Ulizeni mamlaka ya elimu kwa maandishi, mtunze jibu.

Jambo la mwisho ni mitihani. Kwa shule, ulizeni wahitimu wake hukalia mtihani gani, na aliyehamia shule ya kawaida aliingizwa darasa gani. Kwa nyumbani, mtoto atakuwa mtahiniwa wa kujitegemea, na si kila kituo cha mtihani hupokea watahiniwa wa namna hiyo, hasa kwa sayansi yenye kazi za maabara. Usajili pia hufungwa miezi kadhaa kabla ya mtihani. Kwa mtoto anayekaribia umri huo, barua ya kuulizia kituo iandikwe kabla ya ile ya kumwondoa shuleni.

Wenu,
Mdau wa elimu